UMEME NA MAJI YA KUOGA
Somo kwa vyama vya msingi

Tura, iliyo kando ya Reli ya Kati mashariki ya Tabora, ilikuwa kituo cha misafara ya zamani. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua mzigo". Mgeni akitua mzigo hupewa maji ya kuoga, na katika baridi ya Julai maji hayo hupashwa moto kwanza. Penye umeme, kazi ya kuni hufanywa na hita: ama koili ya kutumbukizwa ndooni, ama mtungi wa ukutani. Chama kinachojenga nyumba ya wageni sharti kijue hatari yake.

Fyuzi haitoshi

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Hita ya wati 3,000 huvuta ampea 13 hivi, na fyuzi yake huuruhusu mkondo huo kupita. Mwili uliolowa, wenye ukinzani wa omu 1,000, hupitisha ampea 0.23. Kiasi hicho chaweza kuua, wala fyuzi haitakatika. Fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu.

Masharti ya kutimizwa

1. Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, uunganishwe na gamba la hita na mabomba ya chuma. Wakati wa kiangazi udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Basi fimbo ya ardhini ipimwe, isikisiwe.

2. Iwekwe swichi ya kinga inayokata umeme mara unapovuja miliampea 30. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara.

3. Hita ya ukutani iwe na waya wake peke yake kutoka ubao mkuu, wenye unene unaostahili. Waya wa kurefushia usitumike.

4. Soketi isiwekwe bafuni. Swichi ya hita iwe nje ya mlango, ishikwe kwa mkono mkavu.

5. Koili itumbukizwe kwanza, ndipo iwashwe. Kabla ya maji kuguswa, izimwe na kuchomolewa.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Umeme ukatwe kwanza kwenye swichi kuu.

Wajibu wa kamati

Nyaya za ndani ya nyumba, baada ya mita ya TANESCO, ni dhamana ya mwenye nyumba. Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na kamati isiipokee bila vipimo vilivyoandikwa. Fedha iliyookolewa kwa kuacha swichi ya kinga haiwezi kurudisha uhai wa mgeni wala wa mwanachama.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini fyuzi nzima si ushahidi wa usalama?
2. Katika majengo ya chama chenu, ni nani mwenye wajibu wa kujaribu swichi ya kinga, na aliijaribu lini?