Dondoo muhimu: Silinda ya Yale ndani ya kitasa cha Union

Ukipangisha wanafunzi wa chuo kikuu cha SEKU hapa Kwa Vonza, huna haja ya kununua kitasa kizima kila mpangaji anapoondoka na ufunguo. Badilisha silinda tu. Jina la kampuni si hoja; angalia umbo. Silinda ya Yale yenye umbo la Ulaya, kichwa cha duara na mguu mwembamba, huingia kwenye kitasa cha Union chenye tundu la umbo hilohilo. Ya mviringo wa yai haiingii, na usiilazimishe kwa tupa.

Fungua skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, tia ufunguo, uuzungushe kidogo hadi ulimi wa silinda ulingane na mwili wake, kisha vuta. Hapa ndipo wengi hukwama: ulimi ukichomoza, silinda haitoki.

Pima silinda ya zamani kuanzia tundu la skrubu hadi kila ncha, kwa mfano milimita 30 na 30. Silinda isichomoze zaidi ya milimita 3 nje, maana mwizi huishika kwa koleo na kuivunja.

Ukishafunga silinda mpya, jaribu ufunguo mara kadhaa mlango ukiwa wazi. Na kwa vumbi letu, tumia unga wa grafiti, si mafuta ya kupikia.