Tumbawe Lako Haliumwi, Lina Njaa

Mdogo wangu wa Muscat, barua yako nimeisoma, na picha uliyoambatanisha nimeitazama kwa makini. Umenunua tumbawe la rangi ya chungwa kali, Tubastraea, likiwa limechanua dukani kama bustani. Tangu ulitie ndani ya tangi lako limejifunga, na sasa linanyauka. Muuzaji amekwambia uongeze taa, umeongeza. Jirani amekwambia utie dawa, umetia. Sikia basi: taa mpya izime, dawa irudishe kabatini, tuzungumze chakula.

Matumbawe mengi ya akwaria yana mwani wadogo mno wanaoishi ndani ya nyama yake. Mwani hao hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ndiyo riziki ya tumbawe. Ndiyo maana wafugaji wanahangaika na taa. Tubastraea hana mwani hao. Baharini utamkuta chini ya majabali yaliyoinama, mapangoni, kwenye nguzo za gati na ubavuni mwa meli zilizozama, pale mkondo unapopita na mwanga ni haba. Usiku hukunjua minyiri yake na kunasa vijidudu vinavyoletwa na maji. Taa haimuui, lakini haimpi hata tonge moja. Kazi itakayofanya ni kuotesha mwani juu ya mifupa iliyobaki wazi, na nyama ikitaka kurudi hapo ikute pameshakaliwa.

Tazama tena picha yako. Kati ya kikombe kimoja cha tumbawe na kingine nyama imerudi nyuma, weupe wa mfupa unaonekana. Hiyo ni alama ya njaa ya muda mrefu, na huenda ilianzia dukani, kwa sababu wauzaji wengi hawayalishi matumbawe haya moja moja. Ila ndani ya vikombe bado naona rangi. Penye rangi pana uhai, kwa hiyo usikitupe kikombe chochote.

Kabla ya kulisha, pima maji. Chumvi iwe 1.025 au 1.026, joto kati ya nyuzi 24 na 26, amonia na nitraiti visionekane kabisa. Huko kwenu joto ndilo la kuangaliwa zaidi, maana kiyoyozi kikizimwa mchana kutwa maji hupanda haraka. Kalsiamu iwe baina ya miligramu 400 na 450 kwa lita, kwani huyu naye hujenga mfupa wa chokaa kama wenzake. Maji yakiwa sawa, acha kuyachokonoa.

Sasa kulisha, na hapa nakuomba usome polepole. Chagua saa maalumu ya usiku na usiibadilishe. Baada ya Isha panafaa, nyumba imetulia na wewe umetulia. Chukua vijikamba vya kugandishwa aina ya mysis, viyeyushe katika kikombe chenye maji ya tangi lenyewe. Usianze na nyama. Anza na yale maji ya kikombe: dondosha kidogo juu ya tumbawe, harufu imfikie, kisha kaa nusu saa bila kugusa kitu. Harufu ndiyo inayomwambia kwamba chakula kimekuja. Usiku wa kwanza pengine utaona mdomo mmoja tu umevimba, au usione chochote. Rudia kesho saa ileile. Tumbawe lililoshinda njaa linaweza kukawia siku nyingi kabla ya kukuamini, na wengi hukata tamaa siku moja au mbili kabla halijafunguka.

Minyiri ikishatoka, zima pampu ili chakula kisipeperuke. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, ulitie mpira mwembamba mbele ili mkono wako usiingie majini. Shusha kipande taratibu juu ya minyiri, usikirushe kwa nguvu, maana polipu, yaani kikombe kimoja chenye mdomo na minyiri yake, ikishtuka itajifunga usiku mzima. Ikikubali, utaona minyiri ikikunja kuelekea katikati na chakula kikipotea. Polipu dhaifu ipe vipande vidogo kuliko mdomo wake. Ni sawa na mgonjwa aliyekaa siku bila kula: humwanzii na pilau, unamwanzia na uji mwepesi. Kamba mbichi au ngisi wa sokoni anafaa, mradi umkatekate laini sana na asiwe ametiwa chumvi wala ndimu. Uduvi mkavu siupendekezi, hujui umeanikwa wapi na kwa chumvi gani.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: kila polipu ni mdomo wake. Zimeunganishwa kwa nyama nyembamba, lakini ukilisha upande wa mbele tu kwa sababu ndio unaoufikia, upande wa nyuma utakufa huku wa mbele ukinenepa. Kwa hiyo liweke mahali ambapo bomba lako linafika pande zote. Kujipinda kila usiku kutakuchosha, na ukichoka utaanza kuruka siku.

Halafu kuna wezi. Kamba msafishaji uliyemnunua kwa upendo ataingiza mkono mpaka tumboni mwa polipu na kuchomoa tonge. Kata chupa ya plastiki, ondoa kitako na kifuniko, ifunike tumbawe, nawe lisha kupitia shingo ya chupa. Wengine hulitoa tumbawe na kulilishia kwenye bakuli la maji ya tangi. Hiyo nayo ni njia nzuri, ila bakuli lizamishe kwanza ndani ya tangi na uliingize tumbawe humohumo chini ya maji, lisiguse hewa likiwa limekunjuka.

Mwanzoni lisha kila usiku, kidogo. Polipu zote zikishafunguka bila kubembelezwa, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Chakula kilichoanguka kinyonye baada ya nusu saa, washa pampu, na kila wiki badilisha maji kiasi cha sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Gharama ya kweli ya tumbawe hili ni huo usafi. Chakula kingi huchafua maji, na maji machafu huwaumiza wote waliomo.

Ukiona polipu zinapungua licha ya kula vizuri, chukua tochi usiku wa manane. Yupo konokono mdogo wa manjano, Epitonium billeeanum, ambaye chakula chake ni tumbawe hilihili na rangi yake imefanana nalo. Hutaga mayai ya manjano papo hapo. Mtoe yeye na mayai yake kwa kibano.

Nawe mdogo wangu mwingine uliyeuliza kuhusu Dendronephthya, lile laini la waridi lenye matawi, jibu langu ni usilinunue. Mwaka 1995 watafiti waliofanya kazi katika Bahari ya Shamu walichapisha kwamba tumbawe hilo huishi zaidi kwa mwani wadogo wanaoelea majini. Linahitaji mkondo unaoleta chakula hicho mchana na usiku. Vipande vyako vya kamba havitalisaidia, na tangi la sebuleni haliwezi kumudu. Litasinyaa wiki hadi wiki mbele ya macho yako.

Wasomaji wangu wa Mombasa, Unguja na Mafia, ninyi mnaopiga mbizi mtaiona Tubastraea ikiwa hai chini ya miamba yenu. Iacheni hapo. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na ndani ya hifadhi kama Chumbe hayaguswi. Nanyi mlioko Marekani, likiwashinda msilimwage baharini. Kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Karibiani ni mgeni aliyeanza kuonekana miaka ya 1940, na Brazil limeshawasukuma wenyeji wa miamba.

Wa Muscat, kama ratiba yako hairuhusi kukaa na bomba mkononi usiku mara tatu kwa wiki, mpe anayeweza, wala hakuna aibu. Kama unaweza, anza leo na yale maji ya kikombe, kisha niandikie ni polipu ngapi zimefunguka na ni chakula gani zimekipokea kwanza.