Nahodha, Mwenye Merikebu na Paulo: Tumsikilize Nani?

SOMO LA JUMA
Andiko la msingi: Matendo ya Mitume 27:1-44
Soma pia: Mithali 18:17, Luka 14:28-30, 1 Wathesalonike 5:21



Somo la juma hili halihitaji mifano ya mbali. Tangu Uyombo itajwe kuwa mahali pa kujengwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, wadi yetu ya Matsangoni imepokea wageni wengi waliosoma. Wataalamu wa NuPEA, shirika la serikali linalosimamia mradi huo, walikuja na mpango wa kinu cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme upatikane 2034. Wakasema ni salama na utaleta kazi. Upande wa pili wakaja watu wa mazingira na wa haki za binadamu. Hao wakatuambia tufikirie mkondo wa Mida, samaki, msitu wa Arabuko-Sokoke na mashamba ya wazee wetu. Mwezi Mei 2024 watu waliandamana, wakakabiliana na polisi, na wengine wakaumia. Mwaka uliofuata mazungumzo ya mradi yakaelekea Siaya.

Somo hili halikuja kuamua kama kinu kijengwe au kisijengwe. Hata humu kanisani tuna maoni tofauti, na bado tunakula meza moja ya Bwana. Swali letu ni lile linalobaki hata mradi ukienda kwingine. Mtu aliyesoma akisimama mbele yako barazani, hospitalini, kwa wakala wa mashamba au hata madhabahuni, akakuambia "niamini, mimi ndiye ninayejua," Mkristo afanye nini?

Fungua Biblia yako uisome Matendo 27 yote kabla ya kuendelea. Ni sura ya bahari, na sisi watu wa pwani tutaielewa haraka kuliko wengi.

1. UJUZI UNATOKA KWA MUNGU

Tuanze hapa tusije tukapotoka. Katika Kutoka 31 Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho wake. Kwa kazi gani? Kuchonga mbao, kufua dhahabu na kukata mawe. Maana yake ufundi ni karama. Na katika safari hii ya Matendo 27 aliyeandika habari ni Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu. Ndiyo maana anasema "sisi." Kwa hiyo Paulo mtu wa imani alisafiri pamoja na daktari, na hatusomi popote kwamba alimwona kuwa ni upungufu wa imani.

Mtaalamu si adui. Ukimaliza somo hili ukaacha kumeza dawa ulizoandikiwa, hukunielewa kabisa.

2. KWA NINI AKIDA ALIKOSEA BANDARI NZURI

Merikebu imefika Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri. Siku za Mfungo zimepita, yaani ni Septemba au Oktoba hivi, na katika bahari ile majira hayo ni ya hatari. Mvuvi wa Uyombo anaelewa. Yeye hangoji redio imwambie kusi limeingia. Anatazama maji yanavyopiga miamba na anajua leo hakuna kuvuka. Paulo akawaonya kwamba wakiendelea watapata hasara. Yulio, yule akida, akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu badala yake.

Hebu tumtendee haki akida. Hakuwa mjinga. Mfungwa anasema hivi, nahodha anasema vile. Wewe ungemwamini nani? Lakini tukisoma kwa makini tunaona mambo matatu yaliyomfunga macho.

La kwanza ni cheo. Alipima neno kwa kumtazama aliyelisema. Paulo hakuwa na cheo humo merikebuni, lakini 2 Wakorintho 11:25 inatuambia alikuwa amevunjikiwa na jahazi mara tatu kabla ya safari hii. Bahari aliijua kwa mwili wake.

La pili ni faida. Mwenye merikebu alikuwa mfanyabiashara. Mstari wa 6 unasema merikebu ilitoka Iskanderia, na mstari wa 38 unaonyesha ilibeba ngano. Rumi ilikula ngano ya Misri, kwa hiyo huu ulikuwa mzigo wa pesa. Mwanahistoria Suetonius anaandika kwamba Kaisari Klaudio, aliyetawala miaka michache kabla ya safari hii, aliwaahidi wafanyabiashara wa nafaka kuwalipia hasara wakipatwa na dhoruba, ili wakubali kusafiri hata majira mabaya. Biblia haisemi kama ahadi hiyo ilimgusa mwenye merikebu huyu. Lakini sisi tuliosomea biashara tunajua kanuni moja: mtu ambaye hasara yake italipwa na mwingine huwa mwepesi wa kusema "twende." Ujuzi wake unaweza kuwa wa kweli, ila anaupima kwa mizani iliyoinama upande mmoja.

La tatu ni wingi. Mstari wa 12 unasema wengi wao walishauri waondoke, kwa kuwa bandari ile haikuwafaa kukaa wakati wa baridi. Kisha upepo wa kusi ukavuma polepole. Kusi la kule wakati ule lilikuwa pole, si kama letu. Wakaona mambo yamenyooka. Kumbe hali nzuri ya asubuhi moja haithibitishi kwamba shauri lilikuwa zuri. Haukupita muda, Eurakilo ikashuka kutoka kisiwani.

3. PAULO ALISEMA "NAONA"

Hapa kuna jambo ambalo wahubiri tulisome kwa kutetemeka. Pale Bandari Nzuri Paulo hakusema ametumwa na Bwana. Alitoa maoni yake kama msafiri mwenye uzoefu: naona safari hii itakuwa na madhara, mpaka ya maisha ya watu. Baadaye, katikati ya dhoruba, ndipo anaeleza kwamba malaika alisimama karibu naye usiku, na kwamba hakuna atakayekufa. Ona sasa: maoni yake ya kwanza yalihofia vifo, na neno la Mungu likasema wote watapona. Paulo hakuyachanganya mawili hayo. Maoni aliyaita maoni, na neno la Bwana akaliita neno la Bwana.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, uzoefu wa mtu wa kawaida ni ujuzi pia. Mama anayechuuza samaki kwa miaka thelathini anajua jambo ambalo halimo katika ripoti ya injinia, na asidharauliwe. Pili, uzoefu huo nao upimwe, usivikwe joho la unabii.

Tena tukumbuke kwamba wataalamu wenyewe hutofautiana. Kwa kuwa tumetaja nyuklia, tuangalie Japani. Kinu cha Fukushima kilikuwa kimeandaliwa kwa tsunami ya chini ya mita 6. Mwaka 2008 hesabu zilizofanywa ndani ya kampuni yenyewe zilionyesha mawimbi yanaweza kuzidi mita 15. Ukuta haukuinuliwa. Tarehe 11 Machi 2011 mawimbi yakaja. Lakini siku ile ile kinu cha Onagawa, kilichokuwa karibu zaidi na chimbuko la tetemeko, kilizimwa salama, na majirani waliopoteza nyumba wakapewa hifadhi humo. Kwa nini? Miaka mingi nyuma injinia mmoja, Yanosuke Hirai, alishikilia kwamba kijengwe juu, karibu mita 15 kutoka baharini, ingawa wengine waliona ni gharama ya bure. Wote walikuwa mainjinia, na wote walikuwa na vyeti. Kwa hiyo ukiuliza tu "je, amesoma?" hujauliza bado.

4. BILA HAWA HAMWEZI KUOKOKA

Sasa tufike mahali ambapo wengi wanaosoma sura hii hupapita haraka.

Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanateremsha kipimo: pima ishirini. Wanasogea kidogo: pima kumi na tano. Wanatupa nanga nne za tezi. Huo ndio utaalamu, na hakuna mwanajeshi wala mfungwa aliyeufanya. Halafu mabaharia wanashusha mashua, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida na askari kwamba hao wasipobaki ndani ya merikebu, wao hawataokoka.

Wapendwa, tafakarini hapo. Paulo tayari ana ahadi ya malaika kwamba wote watapona. Zaidi ya hapo, wataalamu hawa hawa ndio walioungwa mkono Bandari Nzuri na yeye akapuuzwa. Angeweza kusema, "Waacheni waende zao, sisi tuna Mungu." Hakusema hivyo. Ahadi ya Mungu ilikuwa itimie pamoja na mikono ya watu wanaojua kamba na tanga. Watu wote 276 walifika pwani salama.

Kaunti yetu inajua kinachotokea watu wakiwatupa mabaharia wote baharini na kumwachia mtu mmoja usukani. Aprili 2023, msitu wa Shakahola, makaburi yalianza kufukuliwa. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na watoto walikuwamo. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa, naye akakana mashtaka. Lakini mafundisho ya kukataa shule na hospitali yalikuwa yamesikika Malindi miaka kadhaa kabla ya msitu ule. Waliofuata walidhani wamekwepa kudanganywa na wasomi. Kumbe walikuwa wamehamisha imani yao yote kwa mtaalamu mwingine, huyu wa kujiita mjuzi wa siku za mwisho, na huyu hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza.

Kumwamini kila mtaalamu na kumkataa kila mtaalamu ni ugonjwa mmoja. Yote mawili yanatuondolea kazi ya kupima, na kazi hiyo Mungu ametupa sisi. Paulo anawaandikia Wathesalonike wapime mambo yote, wakishike kilicho chema. Anayepima anatarajia kubakiza kitu mkononi.

5. JINSI YA KUPIMA

Waberoya katika Matendo 17:11 walisifiwa kwa kuchunguza maneno ya Paulo mwenyewe. Kama mtume alichunguzwa, hakuna injinia, daktari, wakili wala mchungaji aliye juu ya maswali. Uliza kwa heshima, lakini uliza:

(a) Je, jambo hili ni la fani yake? Daktari wa meno si hakimu wa mipaka ya shamba. Mchungaji wako si mtaalamu wa mionzi, na akikuhubiria kuhusu mionzi, mpime hapo hapo.

(b) Nani anamlipa, na nani anafaidika? Waulize wa serikali, waulize na wa mashirika yanayopinga. Mizani iwe moja.

(c) Akikosea, nani atabeba hasara? Hili ndilo swali la Bandari Nzuri. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya nyumba za watu mpaka madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea na rufaa hadi Mahakama ya Juu mwishoni mwa 2024. Pesa zinaweza kuamriwa, ila afya ya mtoto hairudishwi kwa hukumu.

(d) Wenzake wa fani hiyo wanasemaje? Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayeanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Usitie sahihi siku uliyosikia upande mmoja.

(e) Anafanyaje akiulizwa? Anayejua kweli hueleza tena, na husema wazi mahali ujuzi wake unapoishia. Anayekasirika au kukuita adui wa maendeleo, au adui wa Mungu, amekuonyesha kitu.

Haya ni haki yetu pia kisheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Ukiitwa barazani nenda, hata kama ni siku ya shamba. Beba swali lako limeandikwa. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anasema ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Huwezi kuhesabu gharama ya kitu ulichokataa kuuliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kati ya cheo, faida na wingi, ni kipi hukushinda wewe upesi zaidi? Toa mfano bila kutaja jina la mtu.
2. Kwa nini Paulo aliwataka mabaharia wabaki, ingawa alikuwa na ahadi ya Mungu?
3. Ni nani nyumbani kwako ambaye neno lake halijawahi kuulizwa swali? Mnawezaje kuanza kwa heshima?
4. Vijana: mtu akitangaza dawa au biashara kwenye simu, ni swali lipi kati ya yale matano mtaanza nalo?

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa walioketi miaka mingi wakajifunza ili watusaidie. Uwabariki madaktari wetu, walimu, manahodha na mainjinia. Utupe unyenyekevu wa kusikiliza na ujasiri wa kuuliza. Utulinde na sauti inayokataa kupimwa, hata ikiwa inatoka madhabahuni. Linda bahari yetu, mashamba yetu na watoto wetu, na utufikishe pwani sote salama. Katika jina la Yesu, Amina.