SOMO LETU: PLAGI HAISEMI UONGO



Vikundi vingine vina Kombi kuukuu ya Volkswagen, hata ile yenye kitanda na jiko ndani, na wanaitumia kubeba mboga sokoni au mgonjwa usiku. Ikikosa nguvu tunakimbilia dukani kununua plagi mpya. Inaenda siku mbili, inaanza tena. Mwishowe pesa za kikundi zimekwisha na silinda hedi imepasuka. Kabla ya kutupa plagi ya zamani, isome kwanza.

INJINI YENYEWE

Injini ya Kombi ya zamani hupozwa kwa upepo wa feni. Haina rejeta. Ina silinda nne na hedi mbili, moja kila upande, na hedi hizo ni za alumini. Alumini ni laini kuliko chuma cha plagi, kwa hiyo thredi za hedi huharibika upesi. Simama nyuma ya gari ukitazama injini. Mkono wa kulia, silinda ya mbali ni namba 1 na ya karibu ni namba 2. Mkono wa kushoto, ya mbali ni namba 3 na ya karibu ni namba 4. Namba 3 ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa maana katika injini nyingi za kabla ya 1971 kipoza oili kimesimama kwenye njia ya upepo wake, nayo hupata joto kuliko wenzake.

KUTOA PLAGI

1. Ngoja injini ipoe kabisa. Ukifungua ikiwa moto, thredi za hedi zaweza kutoka pamoja na plagi.
2. Puliza uchafu kwa pampu ya magurudumu, mchanga usiangukie ndani.
3. Panga plagi kwa namba zake, 1 hadi 4. Ukizichanganya hutajua silinda gani ni mgonjwa.

KUSOMA PLAGI

- Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: silinda ni nzima.
- Nyeusi, kavu kama masizi: petroli ni nyingi kuliko hewa. Angalia eya klina na choki.
- Nyeusi, imelowa oili: ringi au gaidi za vali zimechakaa.
- Imelowa petroli: moto haufiki. Angalia waya na kofia yake.
- Nyeupe, ina malengelenge au ncha imeyeyuka: joto limezidi. Hii ni hatari. Simamisha gari hadi ujue sababu.
- Kaure imevunjika au ncha imepondwa: injini inagonga, ama kuna kitu kimeanguka ndani.

DALILI ZA HEDI KUHARIBIKA

Sikiliza. Sauti ya "chk, chk, chk" inayoongezeka ukipanda mlima yaweza kuwa hewa ikitoka kando ya plagi. Tazama kama kuna doa la kahawia kuizunguka. Plagi inayozunguka bila kukaza, thredi zake zimekufa. Siku moja itaruka, petroli itoke nje karibu na waya wenye moto, na gari liungue. Nyumba ya injini hii ina magnesi, na magnesi ikishika moto maji huzidisha. Kwa hiyo msiendeshe gari hilo hata mpaka sokoni.

Kipimo kingine hakihitaji pesa. Zima swichi, toa gia, acha plagi zote ndani, kisha zungusha puli kubwa kwa spana. Katika mizunguko miwili mkono utazuiwa mara nne. Mmoja ukiwa mwepesi, silinda hiyo inavuja. Fundi akiingiza hewa pistoni ikiwa juu na vali zimefungwa, sikiliza. Ikisikika kwenye ekzosi, ni vali ya kutoa moshi. Kwenye kabureta, ni vali ya kuingiza. Kwenye mdomo wa oili, ni ringi.

MATENGENEZO

Thredi zilizokufa huwekewa thredi mpya za chuma na fundi anayejua kazi hiyo. Msikubali plagi ifungwe kwa gundi au uzi. Ufa uliofika kwenye thredi au kiti cha vali kikilegea, tafuteni hedi nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Halafu tibuni sababu, la sivyo hedi mpya itafuata ile ya kwanza. Mkanda wa feni umekaza? Mabati ya kuongoza upepo yapo yote? Mpira unaozunguka injini haujakatika? Taiming ni sawa? Oili, ambayo ni kama lita 2 na nusu tu, imepungua? Mzigo haukuzidi?

Kurudisha plagi, anza kwa vidole au kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovishwa juu yake. Ikikataa, usilazimishe. Ikifika mwisho kwa vidole, plagi mpya yenye washa hukazwa karibu nusu mzunguko. Ya zamani, kidogo tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nani katika kikundi chetu anaandika matengenezo ya gari?
2. Mara ya mwisho plagi zilipobadilishwa, kuna aliyeuliza kwa nini ziliharibika?
3. Tukiambiwa "hedi imekufa", tutaomba fundi atuonyeshe nini kabla ya kulipa?