Kabla Hujaokota Kiboko: Vidokezo kwa Walimu na Wazazi wa Ukambani

Matokeo ya hisabati yametoka. Mtoto aliahidiwa baiskeli akiwa wa kwanza, fimbo akianguka. Mzazi, mwalimu, ngojeni kidogo.

1. Fimbo ibaki nje. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza hata kumtesa mwanafunzi kiakili. "Kichwa maji wewe!" mbele ya darasa pia imo. Anayeogopa kiboko hujifunza upesi, tena sana: kunakili kwa jirani, kulificha daftari lenye alama nyekundu chini ya godoro.

2. Uliza kwanza. Kiangazi kikikaza Mutomo, kuna mtoto aliyeamka gizani, akashuka hadi mto mkavu, akachota maji kwenye shimo la mchangani kata kwa kata mpaka mtungi wa lita 20 ukajaa. Anafika shuleni kengele ishalia, vumbi hadi magotini. Ukimpigisha magoti langoni, somo la kwanza limempita, na kesho huenda asije kabisa. Mwache aingie, mwenzake amweleze alichokosa.

3. Anachokipenda usikiwekee bei. Mwaka 1973, Lepper, Greene na Nisbett wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore walionekana baadaye kupungukiwa na hamu ya kuchora. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa. Kwa hiyo mtoto anayesoma hadithi kwa raha zake usimwahidi shilingi kwa kila ukurasa. Ukimletea kitabu kingine ghafla ukitoka soko la Wote, hapo sawa.

4. Sifa iwe na anwani. "Vizuri" pekee huyeyuka. Jaribu: "Wiki jana ulisahau kukopa kwenye kutoa, leo umekopa mara zote tatu." Hapo anajua cha kurudia.

5. Siku ya zawadi, panueni meza. Kila mwaka ni watoto walewale watatu, wengine wanapiga makofi tu. Aliyetoka alama 18 akafika 31 naye aitwe mbele. (Na jamani, kamusi badala ya beseni! Beseni litaishia jikoni kwa mama.)

6. Kazi isiwe adhabu. Makueni ni nchi ya maembe, lakini mchelewaji ndiye anayetumwa kumwagilia miche, na mtoro ndiye anayepewa hesabu 50 za ziada. Halafu tunashangaa wanapokimbia shamba na hisabati kwa pamoja.