Pikapu inachoka mlimani

Swali: Fundi, Hilux yangu ya dizeli, ya zamani isiyo na tabo, inaishiwa nguvu kidogo kidogo tangu kiangazi. Kupanda Vudee na mzigo, gia ya pili siku hizi inashindwa. Ninunue pampu?

Jibu: Pampu iache kwanza, ndugu yangu, ni ghali. Hewa nyepesi ya milimani hupunguza nguvu, ila haiongezeki ubaya mwezi hadi mwezi. Tazama moshi. Ukiwa mweusi, anza na eya klina: vumbi la tambarare ya Same huiziba. Kama hakuna moshi, huenda dizeli haifiki: badili filta, mwaga maji yaliyotuama chini yake, kagua mipira inayonyonya hewa. Bado? Nozeli zipimwe. Tena zungusha magurudumu kwa mkono. Breki inayokwama hula nguvu, na wengi huisahau.