Vijidudu vinavyomlisha ng'ombe wako



Ng'ombe hawezi kumeng'enya nyasi peke yake. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika tumbo lake la kwanza. Yeye huvipa joto, maji na majani aliyoyacheua. Vyenyewe huyavunja majani hayo na kumpa nguvu. Vingine hushuka hadi tumbo la nne, vikameng'enywa na kuwa protini ya mwili na maziwa.

Hapa Endagikot hatari huja wakati wa mavuno. Ng'ombe aliyezoea nyasi akivamia mahindi yaliyoanikwa uani, tumbo hujaa asidi usiku huohuo na vijidudu vya nyasi hufa. Utamwona hacheui, anapepesuka, anaharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mwondoe kwenye mahindi, mpe nyasi kavu, mwite afisa mifugo mara moja.

Pumba nazo zianze kidogo kidogo, kwa muda wa wiki mbili. Na zile kapsuli za watu tunazozifungua na kumnywesha ng'ombe kwa chupa, tuziache: zinaua vijidudu hivyohivyo.